Picha Isiyo na Uso

Mhariri wa gazeti letu amenitaka nieleze kwa nini picha niliyoichora katika ukuta wa bwalo haina uso. Wengi wameniuliza jambo hilo tangu muhula huu uanze, na wengine wamenicheka wakisema kwamba nilichoka, au kwamba rangi iliniishia. Haikuniishia. Kopo la rangi ya kahawia limebaki nusu katika ghala ya shule, na atakaye na akalitazame. Lakini jibu langu si fupi, maana linaanzia chumbani kwa bibi yangu, linavuka bahari hadi Bara Hindi, ndipo lirudi hapa bwaloni. Nawaomba wasomaji wanivumilie.

Nyumbani kwetu ni Lalago, Wilaya ya Maswa, kando ya barabara iendayo Mwanhuzi. Babu yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa fundi cherehani. Katika ujana wake alishona nguo barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Mhindi aliuza marekani na kaniki ndani, na babu alishona nje, na wakati wa pamba watu walipokuwa na fedha baraza ile ilijaa kutoka asubuhi hata jioni. Mwaka 1972 mwenye duka alifunga milango, akaondoka na jamaa zake wote. Siku ya kuondoka alimpa babu vitu viwili: cherehani yenyewe, na picha moja yenye fremu ya mbao iliyokuwa ikining'inia juu ya sanduku la fedha. Babu alikuwa akisema kwamba cherehani ilikuwa mshahara wake, na picha ilikuwa kwaheri yake.

Picha hiyo ndiyo niliyokua nikiitazama. Ndani yake yupo mwanamke kijana aliyesimama juu ya ua kubwa la yungiyungi katikati ya maji. Amevaa sari nyekundu yenye pindo la dhahabu, na nywele zake ndefu zimeshuka mabegani. Nyuma yake yupo tembo aliyeinua mkonga. Tena mwanamke huyu anayo mikono minne. Miwili ya juu imeshika maua, na miwili ya chini imetulia tu, kama mikono ya mtu asiye na haraka. Ajabu yake ni hii: ukimtazama usoni husadiki kwamba ana mikono minne. Uso wake ni wa mtu hasa, wa dada ambaye ungeweza kukutana naye kisimani. Sisi watoto tulimwita Mama wa Tembo.

Wageni hawakumpenda. Baadhi yao walisema ni jini wa majini. Babu alipofariki, baba yangu mdogo alitaka kuichoma ile picha, akasema si kitu cha kukaa nacho katika nyumba ya Wakristo. Bibi akamjibu, "Huyu amewatazama wanangu sita wakikua, wala hajamla hata mmoja. Mkono uliompa baba yako cherehani ndio uliompa na picha. Utachoma na cherehani?" Baba mdogo akanyamaza, lakini ili kuepusha maneno bibi aliitoa sebuleni, akaiweka chumbani kwake nyuma ya gunia la mahindi.

Mimi nilipokuwa Kidato cha Pili niliitoa huko nyuma ya gunia wakati wa likizo, nikaipangusa vumbi. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizoanza kufutika, niliona maneno: Ravi Varma Press, Lonavla. Nikayaandika katika daftari, na shule zilipofunguliwa nikamwonyesha mwalimu wetu wa Historia. Mwalimu alicheka kidogo, akasema, "Kijana, umelala miaka yote na mtu mkubwa ndani ya nyumba, na hukumjua." Akatafuta habari zake, akanipa nisome, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya mtu huyo.

Ravi Varma alizaliwa tarehe 29 Aprili 1848 katika kijiji cha Kilimanoor, kusini ya Bara Hindi, katika nchi ya Travancore, ambayo leo ni sehemu ya Jimbo la Kerala. Jamaa zake walikuwa watu wa daraja la juu, walioana na watu wa nyumba ya kifalme. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alichora wanyama na watu kwa mkaa katika kuta za nyumba. (Mimi pia nilifanya hivyo, kwa mkaa vilevile, na mama akanichapa.) Mjomba wake alikuwa mchoraji. Badala ya kumchapa alimfundisha, na kijana alipofika umri wa miaka 14 akampeleka Thiruvananthapuram, kwenye jumba la mfalme, ambako kulikuwa na picha za Wazungu na vitabu vyao.

Huko alikuta jambo ambalo kila mwanafunzi wa bweni ataliona si geni, yaani wakubwa wenye kuficha elimu. Rangi za mafuta zilikuwa ngeni katika nchi ile. Mchoraji mmoja wa mfalme, Ramaswamy Naicker, alijua kuzitumia, na alikataa kabisa kumfundisha. Ikawa mwanafunzi wa Naicker, jina lake Arumugham Pillai, alimwendea Ravi Varma usiku kwa siri akamwonyesha. Baadaye, mwaka 1868, akaja mchoraji wa Kizungu, Theodore Jensen, kuchora picha za mfalme. Naye hakutaka kufundisha, ila alimruhusu kijana asimame atazame. Basi akatazama. Hakuwahi kwenda chuo chochote cha uchoraji, wala hakufika Ulaya hata siku moja. Nilipoyasoma haya usiku katika saa ya kujisomea nilishindwa kuendelea na hesabu zilizokuwa mbele yangu.

Pengine msomaji atauliza, ni kitu gani hasa kilichofichwa hivyo? Nitaeleza kwa mfano wa chungwa. Mtoto akiambiwa achore chungwa huchora duara, akalijaza rangi ya chungwa, kwisha. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wamejifunza kwa mamia ya miaka kwamba chungwa lina upande wa mwanga na upande wa kivuli, na kwamba kivuli hakianzi ghafula bali huingia polepole. Walijifunza pia kwamba kilicho mbali huchorwa kidogo na chenye rangi hafifu, na kilicho karibu huchorwa kikubwa. Rangi ya mafuta hukauka polepole, kwa hiyo mchoraji hupata nafasi ya kuchanganya mwanga na kivuli mpaka ngozi ikafanana na ngozi, na hariri ikafanana na hariri. Wachoraji wa kusini ya Bara Hindi walikuwa na ufundi wao mwingine. Picha za Tanjore, kwa mfano, zilipambwa kwa dhahabu na vito, na mungu alikaa katikati akimkabili mtu, bila kivuli na bila umbali, kwa kuwa mungu hasimami mahali fulani kama mtu anayesubiri basi.

Ravi Varma alichukua ufundi wa Wazungu, na akafanya nao kazi ambayo Wazungu hawakuifikiria. Kwanza alichora watu, na mwaka 1873 alipata medali ya dhahabu huko Madras kwa picha ya mwanamke wa Kinayar akijipamba nywele. Mwaka huohuo kazi yake ilipata tuzo katika maonyesho ya Vienna. Lakini kilichomfanya ajulikane nchini mwake ni kwamba alichukua hadithi za miungu na mashujaa, zile za Mahabharata na Ramayana ambazo kila bibi wa Kihindu huwasimulia wajukuu wake, akawavika watu wake nyama na damu.

Nitaje picha mbili tu. Katika moja yupo Shakuntala, msichana aliyelelewa msituni, ambaye mfalme Dushyanta alimpenda. Anatembea na rafiki zake, mara anasimama, anainua mguu kama anayetoa mwiba. Mwiba haupo. Anataka tu kugeuka nyuma amtazame mwanamume. Kila mtu aliyepata kuwa na dada anajua ujanja huo, na mchoraji naye aliujua. Katika picha ya pili yupo Ravana, mfalme wa mashetani, akimchukua Sita hewani, na ndege mzee Jatayu akimzuia. Ravana amekwisha kumkata ndege bawa kwa upanga. Sita amefunika uso kwa mkono asione. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu huenda kwenye ule mkono wa Sita, si kwenye upanga.

Ili apate kuchora hadithi hizo alisafiri Bara Hindi kwa miezi mingi pamoja na ndugu yake mdogo Raja Raja Varma, aliyekuwa mchoraji na msaidizi wake. Wakatazama jinsi watu wa kila upande wanavyovaa. Maana kulikuwa na tatizo ambalo sikulifikiria mpaka niliposoma: mungu wa kike huvaa nguo gani? Watu wa kusini walikuwa na mavazi yao, wa kaskazini yao, wa magharibi yao. Ravi Varma akachagua sari, na hasa namna ya kuivaa iliyokuwa ya watu wa magharibi. Akamvika sari hiyo Sita, na Damayanti, na Lakshmi, na Saraswati. Kati ya mwaka 1888 na 1890 alitengeneza picha 14 za hadithi za kale kwa ajili ya mfalme wa Baroda, na zilipoonyeshwa watu wakaja kwa wingi kuzitazama. Mwaka 1893 alipeleka picha 10 katika maonyesho makubwa ya Chicago, Marekani, zikapata tuzo.

Lakini picha ya mafuta ni moja tu, na tajiri akiinunua inaingia jumbani mwake, basi. Waziri mmoja mkuu wa zamani, T. Madhava Rao, alikuwa amemshauri azipeleke Ulaya zikapigwe chapa, ili wengi wazipate. Ravi Varma hakuzipeleka Ulaya. Alileta mitambo kutoka Ujerumani, na mafundi wa Kijerumani pamoja nayo, akafungua kiwanda cha chapa mjini Bombay mwaka 1894. Kazi yenyewe ilifanywa kwa mawe. Jiwe la chokaa lililolainishwa huchorwa kwa wino wa mafuta, kisha hulowanishwa maji. Maji hukataa mahali penye mafuta, na wino hukataa mahali penye maji, ndipo karatasi ikikandamizwa hupata mchoro peke yake. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi moja hupita juu ya mawe mengi, moja baada ya jingine, bila kusogea hata unywele, la sivyo mdomo hukaa shavuni. Mwisho hupakwa vanishi ing'ae kama rangi ya mafuta. Mwaka 1899 kiwanda kilihamishwa kikapelekwa upande wa Lonavla, na hilo ndilo jina nililoliona chini ya picha ya bibi. Mama wa Tembo wetu ni Lakshmi, mungu wa kike wa mali na heri, aliyechorwa mwaka 1896. Sasa nafahamu kwa nini alitundikwa juu ya sanduku la fedha.

Kama biashara, kiwanda hakikufaulu. Kilikuwa na madeni mengi, na mwaka 1901 kiliuzwa kwa fundi wake mmoja Mjerumani, Fritz Schleicher. Ravi Varma alifariki Kilimanoor tarehe 2 Oktoba 1906. Mawe yakaendelea kupiga chapa baada yake, hata mwaka 1972 moto ukakiteketeza kiwanda. Nilipouona mwaka huo nilishtuka, maana ni mwaka uleule babu alipopewa picha yake barazani Lalago.

Sasa nafika penye jambo lililonisumbua. Mwalimu wetu alinieleza kwamba katika Travancore ya siku zile watu wa madaraja ya chini hawakuruhusiwa kuingia katika mahekalu makubwa. Ruhusa ilitolewa mwaka 1936 tu. Basi fikiri, msomaji, juu ya mtu aliyezaliwa na kuzeeka nje ya ukuta wa hekalu, asiyepata kumwona mungu anayemwabudu. Halafu siku moja mchuuzi anapita na karatasi za rangi, na kwa fedha chache mtu huyu anamtundika Lakshmi ndani ya kibanda chake, na Lakshmi anamtazama kwa macho ya upole, bila kumwuliza ametoka ukoo gani. Nilipolisikia hili nilisema, huyu Ravi Varma ni mtu mkubwa kuliko wafalme waliomlipa.

Lakini wapo waliosema kinyume, nao hawakuwa wajinga. Ananda Coomaraswamy, mwanachuoni wa sanaa, alilalamika kwamba miungu ya Ravi Varma ni kama waigizaji wa jukwaani, na kwamba ndani yao hamna roho ya Kihindi. Abanindranath Tagore na wachoraji wenzake wa Bengal wakaiacha njia yake, wakatafuta njia nyingine katika picha za zamani za kwao na za Asia. Walisema, ukimchora mungu kama jirani yako, watu watamwona jirani yako na kumsahau mungu. Mwanzoni niliwakasirikia watu hawa. Halafu mwalimu akaniambia nitazame kalenda za Kihindu za siku hizi, na picha za simuni, na filamu. (Dadasaheb Phalke, aliyetengeneza filamu ya Raja Harishchandra mwaka 1913, alipata kufanya kazi katika kiwanda kilekile cha chapa.) Nikazitazama. Lakshmi mmoja baada ya mwingine, na wote ni ndugu wa Mama wa Tembo: sari ileile, kusimama kulekule, upole uleule. Mamilioni ya watu, na wakifumba macho wanaona kitu alichokiona mtu mmoja.

Je, kabla yake walikuwa wakiona nini? Kila kijiji labda na uso wake. Kila bibi na uso wake. Nyuso hizo zimekwenda wapi?

Mwezi wa Mei mwaka huu Mkuu wa Shule aliniita ofisini. Nilidhani nina kosa. Akaniambia kwamba ukuta wa mbele wa bwalo utapakwa rangi, naye anataka pachorwe hadithi ya kwetu kabla sisi Kidato cha Nne hatujaondoka, na kwa kuwa mimi ndiye ninayechora moyo na mapafu kwa ajili ya darasa zima la Baiolojia, kazi ni yangu. Hadithi aliyoichagua ni ya Masala Kulangwa.

Wasomaji wa Usukumani wanaijua, nitaieleza kifupi kwa ajili ya walimu wetu waliotoka mbali. Palikuwa na dude, jina lake Shing'weng'we, lililowameza watu wote na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha katika makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, yaani mwenye akili, mwepesi wa kufahamu. Mtoto alipokua akamwuliza mama, "Watu wako wapi?" Alipoambiwa, akaenda kuwinda. Akarudi na panzi, "Mama, ndiye huyu?" Siye. Akarudi na ndege, akarudi na paa, kila mara siye. Mwisho akalikuta lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio. Yule bibi hakushukuru. Alikasirika akataka kumroga, hata kijana alipomtafutia dawa akampoza.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona mimi ndiye Ravi Varma wa Lalago. Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani na karatasi kubwa, nikachora kwa penseli siku nne. Nilijua mwanga unatoka wapi, nilijua kivuli. Masala Kulangwa alisimama na mkuki, kifua kipana, mikono yenye misuli, taya imekaza. Niliona fahari. Nikampelekea bibi pale alipokuwa akichambua pamba.

Bibi akaitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni Masala Kulangwa, bibi."

"Siye," akasema, sawasawa na mama katika hadithi. "Huyu ni askari. Masala Kulangwa alikuwa mtoto. Alikuwa na matege kidogo. Na macho yake yalikuwa kama ya marehemu kaka yangu."

Nikamwambia kwamba baba naye aliwahi kuniambia jinsi anavyomwona, na kwake Masala Kulangwa ni mrefu na mweusi sana. Bibi akacheka. "Baba yako nilimsimulia mimi mwenyewe, usiku, taa imezimwa. Kila mmoja alipewa wake." Halafu akaendelea na pamba yake. Mimi nikarudi chumbani, nikamtoa Mama wa Tembo nyuma ya gunia, tukatazamana.

Sikulala vizuri. Nilifikiri hivi: bwaloni wanakula wanafunzi mia kadhaa kila siku, mara tatu. Kila mwaka wanaingia wapya. Ukuta ule utadumu miaka 20. Mtoto aliyesimuliwa gizani na bibi yake, akiwa na Masala Kulangwa wake mwenye matege, atakula ugali mbele ya askari wangu miaka minne, na akitoka hapa hatakuwa na mwingine. Na kwa upande wa pili nilifikiri hivi: wako wenzangu, nao si wachache, ambao hawakusimuliwa kabisa. Bibi zao walifariki, au wanaishi mjini, au jioni kila mtu anatazama simu. Hao wako nje ya ukuta wa hekalu kama wale wa Travancore. Nisipochora, hawatapata chochote.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wa Historia. Hakunipa jibu, jambo ambalo ni desturi yake. Alinisimulia habari za Elimo Njau, Mtanzania aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 akasoma Makerere, ambaye alichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akazimaliza mwaka 1959. Njau alichora kuzaliwa kwa Yesu katika nchi ya Wakikuyu, kwa vilima vyao, na watu weusi. Mwalimu akasema, "Unaona, uso uliokuwa umeletwa na meli aliubadilisha. Lakini naye alichora uso." Basi, hapo ndipo aliponiacha.

Nikachora hivi mnavyoona. Dude limelala upande wa kulia, kubwa kama kilima, na tumbo limepasuka. Watu wanatoka: wanawake na vikapu, wazee na fimbo, ng'ombe, mbwa mmoja. Nyuso hizo nimezichora zote kwa bidii, kwa mwanga na kivuli kama alivyofanya Ravi Varma, na wengine mmekwisha kujitambua humo. Mpishi wetu ametambua masharubu yake, na kwa siku mbili alininyima ukoko. Mbele yao, katikati, yupo mtoto mwembamba mwenye matege kidogo, ameshika kisu kilichoinama chini. Ametupa mgongo. Anawatazama wanaotoka, na uso wake wanauona wao tu. Kwa hiyo wale wasemao kwamba sikujua kuchora uso na wahesabu nyuso zilizobaki. Ni 43.

Sijui kama nimefanya vyema. Mwenzangu mmoja wa bweni anasema nimekwepa, kwamba mchoraji hodari angechora uso wenye kuwashinda mabibi wote, kama Lakshmi alivyowashinda. Huenda ana haki. Ravi Varma hangetupa mgongo.

Siku ya wazazi bibi alikuja kwa basi kutoka Lalago, amevaa kitenge chake cha harusi. Nilimpeleka bwaloni kabla ya hotuba. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma. Mtoto wa matege hakumtazama sana. Alitembea polepole mpaka upande wa tumbo, akainama, akamtafuta yule bibi kizee mwenye hasira, akampata chini karibu na mguu wa ng'ombe, ameshika kichwa na damu inatoka katikati ya vidole. Akamtazama. Akaligusa lile sikio kwa kidole chake.

"Umelikata la kushoto," akasema. "Lilikuwa la kulia."